Kosa linalobaki: kulipima, kulikokotoa na kuliondoa kwenye mfumo wa mrejesho

Kikaushio cha maembe kimewashwa tangu alfajiri. Lengo limewekwa 60°C, na skrini ya kidhibiti inasoma 57.7. Taa ya hita inawaka na kuzima kwa mpigo uleule. Halijoto haipandi wala haishuki. Ukirudi baada ya saa nzima utakuta 57.7. Waya zote ziko sawa, hita haijaungua, kihisio ni kizima. Mwenye maembe anauliza, "Fundi, mbona haifiki sitini?" na mafundi wengi hapa Malindi hukimbilia geini, yaani kipimo cha jinsi kidhibiti kinavyolikuza kosa kuwa amri. Wanaiongeza, namba inapanda kidogo. Wanaiongeza tena, inapanda kidogo zaidi. Mwishowe halijoto inaanza kuyumba juu na chini, na maembe ya trei ya juu yanaungua kingo.

Mwongozo huu ni wa fundi huyo, na wa mwanafunzi wa chuo anayekariri jedwali la makosa bila kuona linavyofanya kazi kwenye mtambo halisi. Msimamo wangu ni mmoja: kabla ya kugusa geini, hesabu intigreta zilizomo kwenye mzunguko (njia ya amri kwenda mtamboni na kipimo kurudi kwenye kidhibiti) na ujue zimekaa wapi. Geini hupunguza kosa. Kinacholimaliza ni intigreta iliyokaa mahali pake.

Kosa lenyewe ni lipi

Kosa la hali tulivu ni tofauti kati ya lengo na kile mtambo unachotoa, ikipimwa baada ya misukosuko ya mwanzo kwisha. Lengo tuliite r, matokeo y, kosa e, hivyo e = r − y. Amri inayotoka kwenye kidhibiti kwenda kwenye hita, pampu au mota tuiite u.

Ukubwa wa kosa hilo unategemea mambo matatu. Kwanza, umbo la lengo: limesimama pale pale kama 60°C, linapanda kwa mwendo mmoja, au linapanda huku likiongeza kasi? Pili, usumbufu: ni kitu gani kinausukuma mtambo kutoka nje, na kinaingilia wapi? Tatu, intigreta, yaani sehemu yoyote ya mzunguko inayojumlisha kinachoingia kadiri muda unavyokwenda. Tangi la maji ni intigreta, kwa sababu kina chake ni jumla ya maji yote yaliyoingia ukitoa yote yaliyotoka. Mota inayozungusha dishi ni intigreta ukipima pembe, kwa sababu pembe ni jumla ya mwendo. Kikaushio si intigreta. Ukikipa umeme uleule kitapanda hadi mahali fulani kisha kisimame, kwa kuwa kadiri kinavyopata moto ndivyo kinavyoupoteza kwa wingi zaidi kupitia kuta.

Hatua ya kwanza: subiri, kisha andika namba mbili

Mtambo unaofanana na kikaushio hufika 63% ya safari yake baada ya muda mmoja T, 95% baada ya T tatu, na zaidi ya 99% baada ya T tano. Kama T ni dakika 20 na hakuna mrejesho, yaani kidhibiti hakisomi matokeo ili kurekebisha amri, utangoja dakika 100 kabla ya kusema umetulia. Mrejesho ukifungwa mambo huenda haraka zaidi, lakini usisome kosa huku mstari bado unapanda. Hilo ni kosa la njiani, nalo lina dawa nyingine.

Ukishatulia, andika y na u pamoja. Fundi akiniletea y peke yake sina la kumwambia. Kama kikaushio kimekwama 57.7 na u inasoma 100%, basi hesabu zote zinazofuata hazikuhusu: hita ni ndogo, au mlango unavujisha moto, na hakuna kidhibiti kitakachotoa umeme usiokuwepo. Lakini u ikisoma 46% na kosa bado lipo, hapo ndipo tulipo. Hita ina nguvu ya akiba, ila hakuna anayeiamuru itumike.

Neno moja kuhusu thamostati ya kuwasha na kuzima, kama ile ya friji: hiyo haina uwiano, inazunguka juu na chini ya lengo siku zote. Hesabu za hapa ni za vidhibiti vinavyotoa amri kwa kiasi.

Hatua ya pili: ujue mtambo wako kwa jaribio moja

Weka kidhibiti kwenye hali ya mkono. Toa 30% ya hita na usubiri itulie. Tuseme nje ni 30°C na ndani inatulia 48°C. Ongeza hadi 40%, usubiri tena, inatulia 54°C. Amri imeongezeka 10, halijoto imeongezeka 6, kwa hiyo geini ya mtambo ni 0.6°C kwa kila 1%. Sasa rudi kwenye kumbukumbu ya jaribio uone ni lini ilipita 63% ya zile nyuzi 6, yaani 51.8°C. Kama ni dakika 20 tangu ilipoanza kupanda, basi T ni sekunde 1200. Angalia pia muda uliopita kati ya kubadilisha amri na halijoto kuanza kusogea. Tuseme ni dakika moja. Huo ni ucheleweshaji, na ndio unaoamua geini iishie wapi.

Kwa lugha ya Laplace, yaani hesabu inayogeuza mabadiliko ya muda kuwa aljebra ya herufi s, ukiacha ucheleweshaji, mtambo ni G(s) = 0.6/(1200s + 1). Hakuna s iliyosimama peke yake chini ya mstari, na hiyo ndiyo alama kwamba hamna intigreta.

Hatua ya tatu: kokotoa kosa kabla ya kulipima

Chukua kidhibiti cha uwiano mtupu, u = Kp × e, Kp ikiwa geini ya kidhibiti. Ili ndani pakae 60°C wakati nje ni 30°C, hita inatakiwa itoe 30 ÷ 0.6 = 50%. Swali la kujiuliza ni hili: kidhibiti hiki kitaipata wapi hiyo 50%? Kinaipata kwenye kosa tu. Kosa likiwa sifuri, u ni sifuri, hita inazima, kikaushio kinapoa. Kwa hiyo lazima kosa libaki, kwa sababu lenyewe ndilo linaloshikilia hita iendelee kuwaka. Mtu akishaliona hili, mambo mengine yote ni hesabu.

Geini ya mzunguko mzima ni K = Kp × 0.6, na kosa ni 30/(1 + K). Kwa Kp = 5, K ni 3 na kosa ni 7.5°C, hivyo ndani ni 52.5. Kwa Kp = 10, K ni 6, kosa ni 4.3. Kwa Kp = 20, K ni 12 na kosa ni 30/13, yaani 2.3°C, na hiyo ndiyo 57.7 yetu ya alfajiri. Hakikisha kwa upande wa pili: 20 × 2.3 ni 46%, na 46 × 0.6 ni karibu 27.7 juu ya nyuzi 30 za nje. Hesabu zimekubaliana. Kwa Kp = 50 kosa linashuka hadi karibu 0.97°C, ila kwenye mtambo wenye ucheleweshaji, kila unapoikuza geini unasogea karibu na kuyumba. Unatoka 20 hadi 50, mara mbili na nusu, na kosa bado halijaisha.

Usumbufu nao unaingia humo humo. Usiku wa kusi hewa ikishuka hadi 24°C, safari ya kufika 60 inakuwa nyuzi 36, na kwa Kp = 20 kosa linakua hadi 2.8. Ukiingiza trei mbichi za maembe yenye maji mengi, zikamega moto sawa na nyuzi 8, ongeza 8/13, yaani 0.6 hivi. Kikaushio hicho kitasoma namba moja mchana, nyingine usiku, na nyingine trei zikibadilishwa, bila kitu chochote kuharibika.

Sasa kanuni ya jumla. Ikiwa L(s) ni zao la kila kitu kilichomo kwenye mzunguko, kidhibiti mara mtambo mara kihisio chenye uwiano wa 1, basi E(s) = R(s)/(1 + L(s)), na kosa la mwisho ni thamani ya s × E(s) pale s inapokaribia sifuri. Mzunguko usio na intigreta, yaani aina 0, huacha kosa la r/(1 + K) kwa lengo lililosimama, na kwa lengo linalopanda huzidi kuachwa nyuma bila mwisho. Aina 1, yenye intigreta moja, humaliza kosa la lengo lililosimama, na kwa lengo linalopanda kwa mwendo v huacha v/Kv, ambapo Kv ni s × L(s) pale s ikiwa sifuri. Aina 2 humaliza yote mawili, na kwa lengo lenye kasi inayoongezeka kwa kiwango a huacha a/Ka, Ka ikiwa s² × L(s) mahali hapo hapo.

Kanuni hii ina sharti ambalo wanafunzi hulisahau kwenye mtihani, na mafundi hulisahau kazini: inafaa tu kama mzunguko uliofungwa ni thabiti. Chukua L(s) = 10/(s(s+1)(s+2)). Kanuni itakwambia Kv ni 5, na kosa la lengo linalopanda kwa 1 ni 0.2. Lakini mzunguko huo ni thabiti tu pale namba ya juu inapokuwa chini ya 6. Kwa 10 unayumba na kuzidi kuyumba hadi kitu kivunjike, na ile 0.2 haina maana yoyote. Kwa hiyo hakikisha uthabiti kwanza, hesabu ya kosa ije baadaye.

Hatua ya nne: weka intigreta

Njia ya zamani ni kumwongezea kidhibiti amri ya kudumu kwa mkono. Ukijua unahitaji 50%, unaandika u = 50 + Kp × e, na kosa linakwisha mchana huo. Usiku unapofika na nje ni 24, zile nyuzi 6 za ziada zinaleta kosa la 6/13, karibu 0.46. Mtu anakuja anazungusha kitufe tena. Wazee wa vyombo vya viwandani walipoweka sehemu inayofanya kazi hiyo yenyewe, ikawa ndiyo intigreta ya kidhibiti: inajumlisha kosa, na kadiri kosa linavyobaki upande mmoja, ndivyo inavyoongeza amri. Inaacha kuongeza kosa linapokuwa sifuri, huku ikiendelea kushikilia 50% yake.

Nahodha anayevuka kutoka Malindi kwenda Lamu upepo ukisukuma ubavuni anafanya hivyo hivyo. Hangoji jahazi liache njia ndipo aushike usukani. Ameshazoea kuukazia upande mmoja kiasi kile kile ambacho upepo unadai, na jahazi linakwenda sawa likiwa halina kosa lolote. Nicolas Minorsky aliyaandika haya kwa hesabu mwaka 1922, akichunguza jinsi mabaharia wanavyoshika usukani wa meli, na ndiko hesabu za kidhibiti chenye sehemu tatu, PID, zilikoanzia.

Kwa kikaushio chetu tunahitaji sehemu mbili tu: uwiano na intigreta, yaani Kp(1 + 1/(Ti × s)), Ti ikiwa muda wa intigreta: ukiwa mrefu, inajumlisha polepole. Weka Ti iwe sawa na T ya mtambo, sekunde 1200. Kisha chagua unataka mzunguko uitikie kwa muda gani, usiwe mfupi kuliko ucheleweshaji. Tuseme sekunde 200. Kp inapatikana kwa kugawanya T kwa geini ya mtambo mara jumla ya muda huo na ucheleweshaji: 1200 ÷ (0.6 × (200 + 60)), yaani 7.7. Linganisha na ile 20 iliyoacha 2.3°C. Geini imeshuka chini ya nusu, na kosa la lengo lililosimama sasa ni sifuri, mchana na usiku, trei kavu na trei mbichi. Haba na haba inafanya kazi ambayo nguvu haikuiweza.

Kuna mtego wakati wa kuwasha. Kikaushio kikiwa 30°C, kosa ni 30, na Kp peke yake inadai zaidi ya 200%. Hita inakwenda 100% na kukaa hapo, huku intigreta ikiendelea kujumlisha kana kwamba amri zake zinatekelezwa. Ukifanya hesabu kwa namba zetu, kosa likiwa bado nyuzi 4 kufika lengo, intigreta imeshajaa karibu 69%, ilhali ya kutosha ni 50%. Ziada hiyo haina pa kwenda ila kulivusha joto juu ya lengo, na itachukua muda mrefu kuitoa kwa sababu Ti ni dakika 20. Karibu kila kidhibiti cha PID kinachouzwa kina mpangilio wa kuisimamisha intigreta pale amri inapofika kikomo. Uwashe. Kama unaandika programu mwenyewe kwenye PLC (kompyuta ya viwandani ya kuendesha mitambo) au kompyuta ndogo, weka sharti kwamba u ikiwa imefika 100 na kosa bado ni la kuongeza, usijumlishe. Mstari huo mmoja una faida kubwa kuliko siku nzima ya kuchezea Kp.

Hatua ya tano: angalia intigreta iko upande gani wa usumbufu

Hapa ndipo jedwali la vitabuni, zile kanuni za aina 0, 1 na 2, linapowapoteza watu. Chukua tangi la juu ya nyumba lenye boya. Boya ni kidhibiti cha uwiano mtupu: maji yakishuka kidogo valvu inafunguka kidogo, yakishuka sana inafunguka sana. Tangi lenyewe ni intigreta. Basi mzunguko ni aina 1, na jedwali linasema kosa ni sifuri.

Ngoja watu waoge jioni. Tuseme valvu hupitisha lita 2 kwa dakika kwa kila sentimita ambayo maji yameshuka. Nyumba ikitumia lita 20 kwa dakika, maji yatashuka sentimita 10 na kusimama hapo, kwa sababu hapo ndipo yanayoingia yanalingana na yanayotoka. Ikitumia lita 30, ni sentimita 15. Kosa lipo, na litaendelea kuwepo mradi bomba zimefunguliwa.

Jedwali halijakosea, ila lilikuwa linajibu swali la lengo. Kwa lengo, intigreta yoyote ndani ya mzunguko inatosha. Kwa usumbufu, intigreta lazima iwe kati ya kosa na mahali usumbufu unapoingilia. Maji yanayotumika yanaingilia kwenye tangi lenyewe, na kabla ya hapo hakuna intigreta yoyote, kuna boya tu. Kosa ni usumbufu ukigawanywa kwa Kp: 20 ÷ 2 ni 10.

Kwa tangi la nyumbani mwache boya na sentimita zake, haidhuru. Lakini kwenye mtambo ambapo kina lazima kikae pale pale, unaweka kihisio cha kina, valvu ya umeme, na intigreta ndani ya kidhibiti. Sasa intigreta ni mbili, na hapa tahadhari: ukiweka intigreta bila sehemu ya uwiano, kina kitapanda na kushuka bila kutulia kamwe. Na hata ukiwa na zote mbili, mambo yanageuka kinyume na mazoea. Kwa tangi lenye eneo la mita moja ya mraba, sentimita moja ni lita 10; ukitaka kina kirudi bila kuyumba, Ti isipungue 4 × 10 ÷ Kp, yaani dakika 20 kwa Kp = 2. Fundi akiona kina kinayumba na kupunguza Kp kama alivyozoea kwenye mitambo mingine, kitayumba zaidi. Aongeze Ti.

Hatua ya sita: lengo linalotembea

Wakaushaji wengine hawataki kurukia 60 mara moja, wanapandisha taratibu, tuseme nyuzi 1 kwa dakika, ili tunda lisikauke ganda na kubaki bichi ndani. Kwa kidhibiti chetu, Kv ni 7.7 × 0.6 ÷ 1200, karibu 0.00385. Nyuzi 1 kwa dakika ni 0.0167 kwa sekunde. Kosa ni 0.0167 ÷ 0.00385, kama nyuzi 4.3. Halijoto itapanda kwa mwendo sahihi huku ikiwa nyuma nyuzi 4.3 njia nzima, kisha itafika 60 baada ya lengo kusimama. Kwa maembe hilo si neno.

Kwa dishi la kufuata satelaiti ni neno kubwa. Hapo Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kuna kituo cha anga cha Luigi Broglio, na kutoka jukwaa la San Marco lililoko baharini ndipo iliporushwa satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru. Kazi ya kufuata chombo angani ni shule nzuri ya kosa la lengo linalopanda, basi tufanye hesabu kwa dishi la mfano, la upana wa mita 10.

Satelaiti iliyo kilomita 500 juu hukimbia takriban kilomita 7.6 kwa sekunde. Ikipita utosini, dishi lazima ligeuke kwa 7.6 ÷ 500 radiani kwa sekunde, yaani karibu nyuzi 0.87 kila sekunde. Mota na gia ni intigreta moja. Ukiwa na Kv ya 5, dishi litakuwa nyuma kwa 0.87 ÷ 5, nyuzi 0.17. Je, inatosha? Inategemea mawimbi. Kwa dishi hilo, kwenye gigahezi 2.2 upana wa mwale, yaani pembe ambayo dishi husikia vizuri, ni karibu nyuzi 0.95, nusu yake 0.47, kwa hiyo 0.17 bado imo ndani na mawasiliano yanaendelea. Kwenye gigahezi 8.2 mwale ni mwembamba, karibu nyuzi 0.26, nusu yake 0.13. Kosa lile lile la 0.17 limekutoa nje ya mwale, na unapoteza data wakati satelaiti iko karibu kabisa. Dishi ni lilelile na geini ni ileile. Kilichobadilika ni uvumilivu wa kazi.

Ongeza intigreta ya pili kwenye kidhibiti, na mwendo usiobadilika hauachi kosa tena. Unabaki na badiliko la mwendo, ambalo kwa njia hiyo ya utosini halizidi nyuzi 0.0086 kwa sekunde kwa sekunde, hivyo kwa Ka ya 1 kosa ni hiyo hiyo 0.0086. Na kwa kuwa njia ya satelaiti hujulikana kabla haijachomoza, kuna dawa nyingine iliyo bora: kidhibiti kipewe mwendo unaotarajiwa moja kwa moja, kama amri ya mbele, na mrejesho ubaki kusahihisha kilichosalia. Amri ya mbele haigusi uthabiti wa mzunguko. Kwenye kikaushio pia inawezekana: unaongeza amri ya lengo la wakati huo ukitoa joto la nje, ugawe kwa 0.6, na juu yake 33% ya kusukuma ule mwendo wa nyuzi 1 kwa dakika. Ukiweka ile 33% peke yake haitoshi, kwa sababu mahitaji yenyewe yanaendelea kupanda.

Makosa ambayo intigreta haiyaoni

Ukishakokotoa, linganisha na ulichopima. Hesabu ikisema 2.3 na skrini ikasoma 2.3, umeuelewa mtambo wako. Ukiona tofauti kubwa, tafuta sababu nje ya hesabu.

La kwanza ni kihisio. Kihisio kinachosoma nyuzi 2 zaidi kitaifanya intigreta iridhike kabisa huku ndani ni 58, na skrini itaandika 60.0 bila aibu. Hakuna mpangilio wa PID utakaoliona hilo. Jaribu kihisio kwenye barafu inayoyeyuka, kisome 0, na kwenye maji yanayochemka. Sisi wa pwani tuna bahati, maji yetu huchemka 100°C kwa kuwa tuko usawa wa bahari; fundi wa Nairobi atapata 94 au 95 na asishangae. Hewa ya chumvi hula viunganishi vya waya, na kutu kwenye kiunganishi huongeza ukinzani. Kwenye PT100 (kihisio cha joto kinachopima kwa ukinzani) ya waya mbili, ukinzani huo unasomeka kama joto la ziada. Tumia ya waya tatu.

La pili ni msuguano. Valvu inayokwama haisogei hadi amri ikusanyike ya kutosha, kisha inaruka kupita kiasi, intigreta inaanza kukusanya upande wa pili, nayo inaruka tena. Utaona mawimbi ya polepole yasiyokwisha. Kupunguza geini hakutayamaliza. Ifungue valvu uisafishe.

Pale ambapo kosa libakizwe kwa makusudi

Hoteli yenye jenereta mbili, iwe Malindi au Shela ya Lamu, ina mfano ulio kinyume na yote haya. Gavana ya jenereta ya dizeli, yaani kifaa kinachoongeza au kupunguza dizeli ili kushika mwendo, mara nyingi hupangwa iwe na mteremko, tuseme 4%: ikiwa haina mzigo inazunguka kwa hezi 52, ikiwa na nusu mzigo 51, mzigo kamili 50. Hilo ni kosa la hali tulivu, na limewekwa kwa makusudi. James Clerk Maxwell, kwenye makala yake ya mwaka 1868 kuhusu gavana, alishazitenganisha zile zinazopunguza tu badiliko la mwendo na zile zinazolimaliza kabisa.

Ukiwa na jenereta moja, weka intigreta ukipenda, upate hezi 50 daima. Ukiziunganisha mbili kwenye laini moja, hezi ni moja kwa zote, lakini vihisio havikubaliani kamwe kwa usahihi kamili. Moja inaamini hezi ni 49.98 na kuongeza dizeli, nyingine inaamini ni 50.02 na kupunguza, na intigreta zote mbili zinaendelea kujumlisha hadi moja imebeba mzigo wote na nyingine imegeuka mota inayozungushwa na mwenzake. Mteremko ndio unaozigawia kazi: kwenye hezi 51 kila moja inajua ni nusu ya mzigo wake. Zipange zote mbili kwa mteremko wa asilimia ileile na hezi ileile bila mzigo, hata kama moja ni kubwa kuliko nyingine, nazo zitagawana kwa kadiri ya ukubwa wao. Ukihitaji hezi 50 kamili, acha magavana na mteremko wao, kisha weka kidhibiti kimoja cha juu chenye intigreta, kinachosogeza lengo la zote mbili kwa pamoja, polepole.